Kinyonga mchanga akiumwa: soma macho, mshiko na choo kabla ya rangi

Swali linaloulizwa zaidi na wanaofuga kinyonga mchanga ni la rangi. "Jana alikuwa kijani, leo ni mweusi, ana nini?" Kila mtu amesikia tangu utotoni kwamba kinyonga hubadilika rangi, basi akimpata wa kwake anaigeuza ngozi ya mnyama kuwa kipimo cha afya. Kumbe rangi ni dalili yenye kelele nyingi na habari chache. Kinyonga mdogo anaweza kuwa mweusi kwa sababu tu ni asubuhi na bado hajapata joto. Anaweza pia kuwa wa kijani kibichi cha kupendeza huku mifupa ya taya lake imeshaanza kulainika.

Vitu vitatu vinasema zaidi kuliko rangi: macho, mshiko wa miguu na choo. Ukishaona kasoro kwenye kimojawapo, geuka ukitazame kizimba, maana maradhi mengi ya vinyonga wachanga huanzia kwenye taa, maji, joto na hewa, wiki kadhaa kabla mnyama mwenyewe hajaonyesha lolote.

Kwanza tuelewane maneno. "Mchanga" hapa ni kinyonga kuanzia anapoanguliwa hadi kama miezi sita, kipindi ambacho anakua mbio na kosa dogo linaacha alama. "Kizimba" ni makazi yake, kwa kawaida ya wavu, yenye mimea na matawi. "UVB" ni miale ya mwanga isiyoonekana kwa macho yetu, ile ile ya jua inayoisaidia ngozi kutengeneza vitamini D3. Aina zinazofugwa sana ni kinyonga wa Yemen mwenye kofia ndefu ya mfupa kichwani, kinyonga chui wa Madagaska, na kinyonga wa Jackson wa nyanda za juu za Kenya na Tanzania, ambaye dume lake lina pembe tatu. Mahitaji yao hayafanani kwa kila kitu, lakini dalili za ugonjwa ni zile zile.

Jambo moja zaidi la kuelewa mapema: kinyonga huficha ugonjwa. Porini ni windo la ndege na nyoka, na anayeonekana dhaifu huliwa kwanza. Kwa hiyo unapomwona "ameugua ghafla", mara nyingi ameugua zamani na sasa ameshindwa kuendelea kujikaza.

Rangi inasema nini hasa

Si kweli kwamba kinyonga huiga rangi ya kitu alichokalia. Mweke juu ya kitambaa chenye mistari, hatatoa mistari. Rangi yake ya kawaida inafanana na majani kwa sababu ndimo anamoishi. Mabadiliko huletwa na joto, mwanga, hofu, na kukutana na kinyonga mwenzake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, wakichunguza kinyonga chui, walionyesha kwamba ngozi ina seli zenye fuwele ndogo mno za guanini. Nafasi kati ya fuwele zikitanuka, mwanga unaorudishwa huhama kutoka bluu na kijani kwenda njano na nyekundu. Weusi una chanzo kingine, yaani melanini inayosambaa ndani ya seli.

Akiwa na baridi, kinyonga husambaza weusi ili anyonye joto upesi, kama shati jeusi linavyochoma juani. Mtazame asubuhi taa ikiwashwa. Anageuza ubavu mmoja kwenye taa, anabana mbavu hadi mwili unakuwa bapa kama jani, upande ule unakuwa mweusi na wa pili unabaki wa kawaida. Baada ya nusu saa hivi rangi inarudi na anaanza kutafuta chakula. Huyo ni mzima. Akipauka usiku, amelala. Akipauka mchana na kinywa kiko wazi, joto limemzidi.

Rangi huanza kuwa na maana inapodumu: kahawia au nyeusi siku nzima, kisha siku ya pili na ya tatu, hali taa zinafanya kazi. Hata hapo inakwambia kwamba kuna kitu, haikwambii ni kitu gani.

Macho

Jicho la kinyonga limefunikwa na kope nene iliyochongoka kama pia, yenye kitundu kidogo cha kuonea katikati. La mzima limejaa, ni la mviringo, halitulii. Ukiingia chumbani, moja linakufuata wewe huku la pili likiendelea kusaka nyenje.

Macho yaliyozama, kope ikabonyea kama ganda la tunda lililokauka, ni ishara ya kupungukiwa na maji. Kinyonga mdogo hufika hapo upesi kuliko mkubwa. Mwili mdogo una ngozi nyingi kwa kulinganisha na maji yaliyomo ndani, ndiyo maana tone la maji mezani hukauka kabla ya ndoo.

Macho yaliyofumbwa mchana ni onyo kubwa zaidi. Anaweza kuyafumba ukimnyunyizia maji au ukimshika, hilo si neno. Lakini kinyonga hasinzii mchana taa zikiwaka. Ukimkuta amefumba saa sita mchana, akafumbua ulipomkaribia, akafumba tena ulipoondoka, mhesabu mgonjwa kuanzia saa ile.

Jicho likivimba, angalia kama ni moja au yote mawili. Moja peke yake mara nyingi lina uchafu, kipande cha gamba au usaha. Yakivimba yote, fikiria upungufu wa vitamini A, maambukizi, au taa ya UVB iliyo karibu mno. Soma kibandiko cha poda ya multivitamini unayotumia: je, ina retinoli, yaani vitamini A iliyo tayari kutumika, au betakarotini tupu ambayo reptilia wengi walao wadudu hawaigeuzi vizuri? Usikimbilie kuongeza dozi, kwa maana vitamini A ikizidi nayo ni sumu.

Lipo tukio moja linalowatia watu hofu bure. Jioni kinyonga analitunisha jicho mpaka linaonekana litatoka, analizungusha na kulisugua kwenye tawi. Analisafisha. Asubuhi likiwa la kawaida, hakuna kesi.

Mshiko, taya na matege ya kinyonga

Hapa ndipo vinyonga wachanga wengi hupotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

Vidole vitano vya kila mguu vimefungwa mafungu mawili kama koleo: mguu wa mbele vitatu ndani na viwili nje, wa nyuma kinyume chake. Mkaribishe kidoleni. Mzima anabana, unahisi vijikucha, na ukijaribu kumwondoa unapata upinzani. Anayeanza kuugua mifupa anaweka mguu bila kubana. Anapapasa tawi na kulikosa, au anaushika mguu wake mwenyewe akidhani ni tawi. Anatembea tumbo likigusa tawi badala ya kujiinua.

Ugonjwa wenyewe ni wa mifupa kulainika, na chanzo chake ni kalsiamu. Damu lazima iwe na kiasi fulani cha kalsiamu saa zote, la sivyo misuli, na moyo pamoja nayo, haifanyi kazi. Kiasi kikishuka, tezi za paratiroidi huiagiza mifupa itoe akiba. Ni sawa na familia inayobomoa paa ipate kuni: chakula kinaiva, nyumba inakwisha. Na kwa kuwa mtoto anajenga mifupa mipya kila siku, nyumba yake inabomolewa huku inajengwa.

Kalsiamu hupungua kwa njia tatu, na mara nyingi zote zinakutana. Ya kwanza ni chakula: nyenje na wadudu wengi wa kufugwa wana fosforasi mara kadhaa kuliko kalsiamu, na fosforasi nyingi huzuia kalsiamu kunyonywa. Ya pili ni kukosa D3, maana bila hiyo kalsiamu inapita tumboni na kutoka na choo. Ya tatu ni joto dogo, linalomfanya ashindwe kumeng'enya hata alichokula.

Dawa ya njia ya kwanza ni poda. Kwa kinyonga wa Yemen au kinyonga chui anayekua, utaratibu unaotumika sana ni kuwapaka wadudu kalsiamu tupu, isiyo na D3 wala fosforasi, karibu kila mlo. Kalsiamu yenye D3 mara mbili kwa mwezi. Na multivitamini mara mbili kwa mwezi, katika wiki nyingine. Vinyonga wa milimani kama wa Jackson hupewa D3 na vitamini kwa uchache zaidi. Mdudu aonekane amepata vumbi, si mweupe pe kama aliyeangukia kwenye gunia la unga. Wadudu wenyewe walishwe majani na mboga zenye virutubisho kwa saa 24 kabla, kwani kinyonga anakula pia kilichomo tumboni mwa mdudu.

Kwenye taa ndiko ziliko dhana nyingi potofu.

Watu wanasema, "kizimba kiko dirishani, jua analipata." Kioo cha dirisha huzuia karibu UVB yote. Analopata ni mwanga na joto, na mchana wa jua kali anaweza kuungua humo bila kutengeneza D3 hata chembe.

Wengine wanasema, "taa inawaka, kwa hiyo inafanya kazi." Mwanga unaouona na UVB ni vitu viwili. Tyubu inaweza kung'aa vizuri mwaka wa pili na UVB yake imekwisha zamani. Tyubu za T5, yaani zile ndefu nyembamba, hubadilishwa baada ya kama miezi 12, balbu ndogo za kujikunja mapema zaidi, karibu miezi sita. Andika tarehe ya kuifunga kwa kalamu pembeni ya taa yenyewe; kumbukumbu ya kichwani huwa inaongeza miezi.

Na wapo wanaosema poda ya D3 inatosha bila taa. D3 ya kumezwa ni ngumu kuipima: kidogo haitoshi, nyingi hulundika kalsiamu kwenye figo na mishipa. D3 inayotengenezwa na ngozi hujizuia yenyewe ikitosha. Kwa hiyo taa ibebe mzigo, poda ijazie. Kipimo kizuri cha kuanzia ni tyubu ya T5 yenye UVB ya asilimia 5 hadi 6, saa 12 kwa siku, juu ya wavu, na tawi la juu kabisa likiwa sentimita 20 hadi 25 chini yake. Wavu wenyewe unaweza kula theluthi ya miale. Ukipata kifaa cha kupima, tafuta UVI, yaani kipimo cha nguvu ya miale hiyo, ya karibu 3 mahali mgongo wa kinyonga unapofika akiwa ametulia.

Dalili za matege haziji kwa mpigo mmoja. Ya mapema ni ulimi. Mshikie nyenje umbali wa sentimita 10 hadi 15. Kinyonga mzima analeta macho yote mbele, anafungua kinywa, ncha ya ulimi inachungulia, kisha anapiga na kupata. Anayeanza kuugua analenga vizuri lakini ulimi unatoka nusu, au unatoka na kuchelewa kurudi, au anaacha kuupiga na kumfuata mdudu kwa taya. Kukosa mara moja ni kawaida. Kukosa mara tatu au nne mfululizo, siku mbili zikifuatana, si bahati mbaya. Baadaye miguu inapinda kama upinde, taya la chini linabonyea au halifungi sawasawa, kofia ya kichwani inalegea na kulala upande. Vidole vinatetemeka. Mwisho ni kuanguka, mifupa kuvunjika bila ajali, na degedege.

Ukiona kutetemeka au taya laini, usijaribu kufidia kwa kummiminia poda. Aliyefika hapo anahitaji kalsiamu ya maji kwa kipimo cha daktari, pengine na picha ya eksirei kuona palipovunjika. Kazi yako siku hiyo ni kushusha matawi yote karibu na sakafu ya kizimba ili akianguka asiumie, na kuhakiki taa.

Choo na maji

Choo cha kinyonga kina sehemu mbili: kinyesi cha kahawia iliyokoza chenye umbo, na kando yake kipande cheupe kama chaki iliyolowa. Hicho cheupe ndicho mkojo wake, umegandishwa ili asipoteze maji. Kikiwa cheupe, au cheupe chenye ncha ya njano, maji yanatosha. Kikiwa cha njano chote au cha rangi ya chungwa, tena kigumu kama chembe za mchanga, amekauka. Akikaa hivyo wiki nyingi, figo zinaharibika na hazirudi.

Kosa kubwa hapa ni bakuli. Vinyonga wengi hawalitambui bakuli la maji yaliyotulia; wanakunywa matone majanimani. Anaweza kufa kwa kiu na bakuli limejaa chini yake. Nyunyizia majani kwa dakika mbili au tatu kabla taa hazijawashwa asubuhi na tena zikishazimwa usiku, kisha mchana weka chombo cha kudondosha maji tone kwa tone juu ya jani kwa dakika 15 au 20. Kunyunyiza kwa sekunde kumi hakusaidii: vinyonga wengi hufikiri kwanza, wanaanza kulamba dakika kadhaa baadaye.

Kumtumbukiza kwenye beseni "anywe" ni kumtesa. Hanywi kwa kuloweshwa, na mnyama wa matawini akiwekwa majini anaona ameanguka mtoni. Afadhali umweke juu ya mmea bafuni, uelekeze bomba la mvua ukutani ili matone ya vuguvugu yamrukie kwa dakika 20, nawe usimame umtazame muda wote.

Choo cha majimaji, chenye kamasi au harufu kali isiyo ya kawaida, kwa zaidi ya siku moja, huelekeza kwenye minyoo au vijidudu vya koksidia. Kwa kinyonga anayekula sana lakini haongezeki uzito, hilo ndilo la kwanza kushuku. Chukua choo kibichi, kifunge kwenye mfuko safi pamoja na karatasi yenye unyevu kisikauke, kiwekwe kwenye friji si friza, na kifike maabara ndani ya saa 24. Dawa ya minyoo ya kubahatisha haifai, kwa sababu dawa inayoua minyoo haiui koksidia.

Ukiona nyama nyekundu imetokeza njia ya haja na hairudi, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Ilinde isikauke kwa shashi safi iliyolowa, usiisukume, mpeleke.

Kinywa wazi

Kinyonga anayeachama chini ya taa ya joto na kufunga akisogea pembeni, ana joto tu. Ila angalia kipimajoto: kwa mtoto wa kinyonga wa Yemen au kinyonga chui, tawi la kuotea joto lisipite nyuzi 27 hadi 29 za Selsiasi, sehemu nyingine ziwe 22 hadi 25, na usiku ishuke chini ya 20. Vinyonga wa milimani wanataka usiku wa baridi zaidi. Pima kwenye tawi lenyewe, si ukutani mwa kizimba.

Anayeachama mbali na taa, ameinua pua juu kama anayetafuta hewa, ana tatizo la mapafu. Sikiliza sikio likiwa karibu: mlio wa kupasuka, wa filimbi au wa kukoroma. Tazama pembe za mdomo uone mapovu au kamasi nzito. Chumvi nyeupe kavu kwenye matundu ya pua si kamasi; reptilia hutoa chumvi ya ziada kwa njia hiyo.

Maambukizi ya mapafu hupenda hewa iliyosimama. Kizimba cha kioo bila mzunguko, mvuke mchana pamoja na joto, majani yasiyokauka: hapo unafuga vimelea. Unyevu uwe wa juu usiku kukiwa na baridi, na mchana kizimba kikauke hadi asilimia 40 au 50. Wenye mashine za ukungu wazizime asubuhi. Kamasi au mlio ukishaanza, hakuna dawa ya nyumbani.

Ndani ya kinywa, fizi ziwe za waridi iliyopauka. Ukoko wa njano, wekundu pembeni mwa taya, au uvimbe kwenye pembe ya mdomo unamaanisha uozo wa kinywa au jipu. Usaha wa reptilia hautiririki kama wetu. Ni mgumu kama jibini. Hii ndiyo sababu antibayotiki peke yake mara nyingi haimalizi jipu la kinyonga, ni lazima daktari alifungue na kulikwangua.

Mengine, kwa ufupi

Kujivua gamba. Mtoto hujivua kila baada ya wiki chache, gamba likitoka vipande vipande kama karatasi. Siku hizo anaweza kukataa chakula na kuwa mkali. Usimvute gamba. Ongeza unyevu na umwache, ila baadaye kagua vidole na ncha ya mkia: pete ya gamba kavu iliyobaki hapo hukaza kama uzi na kukata damu.

Kuungua. Kinyonga hukwea wavuni kuifuata taa na kuungua ncha ya kofia au uti wa mgongo bila kukwepa kwa wakati. Doa jeusi au jeupe gumu hapo si rangi mpya. Inua taa juu ya wavu.

Uvimbe laini wa majimaji shingoni au kifuani huja na kwenda. Kagua kwanza poda; D3 na vitamini zilizozidi ni mshukiwa wa kawaida, ingawa figo nazo zinaweza kuhusika.

Nyenje waliobaki. Usiku humtafuna aliyelala, hasa macho na vidole. Watoe kabla ya taa kuzimwa. Na mdudu asiwe mrefu kuliko nafasi kati ya macho mawili ya kinyonga.

Kisha kuna msongo. Watoto wa uzazi mmoja wanaouzwa wawili wawili "ili wasione upweke" ni balaa, kwa kuwa kinyonga hana upweke. Mmoja anakua, mwingine anakaa matawi ya chini, rangi ya udongo, anakula mabaki, na mwenye kizimba anadhani ana ugonjwa wa ajabu. Si lazima wagombane. Kutazamana tu kunatosha. Wakifikisha miezi miwili hadi mitatu wasionane kabisa, na kioo kinachorudisha sura kina madhara yale yale.

Jike la Yemen linaweza kutunga mayai bila dume, hata kuanzia miezi minne au mitano. Likianza kushuka chini na kuchimba pembeni, halijachanganyikiwa. Lipe chombo cha mchanga wenye unyevu wenye kina cha sentimita 30, ufunike pande zote asione mtu. Jike lililovimba tumbo, likaacha kula, likalala sakafuni macho yakiwa yamefumba, mayai yamekwama, na ni la daktari leo.

Mizani, na utaratibu wa kuanza

Ukinunua kifaa kimoja tu baada ya taa, kiwe mizani ya jikoni inayosoma gramu 0.1. Weka kijiti juu yake, irudishe kwenye sifuri, mwache kinyonga apande kijiti mwenyewe. Pima siku moja ya wiki, asubuhi kabla ya mlo, andika. Mtoto anapaswa kupanda kila wiki. Wiki moja bila kuongezeka, kagua kizimba. Akipoteza asilimia kumi, yaani gramu 2 kwa aliyekuwa na gramu 20, usingoje wiki ya pili.

Mgonjwa asiye wa dharura hutengenezwa kwa mpangilio: joto kwanza, maji pili, chakula mwisho. Watu wengi huanzia mwisho kwa huruma. Lakini utumbo wa reptilia aliyepoa haufanyi kazi, na nyenje aliyelazimishwa kuingia humo anaoza badala ya kumeng'enywa. Maji ya kumwagiwa kinywani nayo yana hatari: mlango wa njia ya hewa uko sakafuni mwa kinywa, karibu kabisa na ulimi, na matone machache yaliyokosea njia yanafika mapafuni.

Dawa za binadamu ziache. Hesabu hii inatosha kueleza: antibayotiki ya miligramu 10 kwa kila kilo, kwa kinyonga wa gramu 20, ni miligramu 0.2. Hiyo ni sehemu moja kati ya 2,500 za kidonge cha miligramu 500. Hakuna kisu cha jikoni kinachokata hivyo.

Wa kupelekwa siku hiyo hiyo ni huyu: asiyeweza kushika tawi, anayetetemeka au kupata degedege, mwenye kamasi na kinywa wazi, aliyefumba macho mchana kutwa, aliyelala sakafuni, mwenye mfupa uliovunjika, mayai yaliyokwama au nyama iliyotokeza. Tafuta daktari wa wanyama aliyezoea reptilia. Msafirishe kwenye boksi dogo lenye matundu, giza, kijiti ndani na karatasi laini chini. Beba choo kibichi, daftari la uzito, picha ya kizimba kizima, majina ya poda na tarehe ya taa. Hivyo vitu vinamsaidia daktari kuliko unavyodhani, kwa sababu vipimo vina mipaka: kwa kinyonga wa gramu 20, damu inayoweza kutolewa salama haizidi mililita 0.1 hadi 0.2. Nawa mikono kwa sabuni kila ukishamgusa yeye au kizimba. Hata vinyonga wenye afya nzuri huweza kubeba bakteria wa salmonela, na watoto wadogo wa binadamu ndio huugua zaidi.

Kupona kwa kinyonga huenda kwa mwendo wake mwenyewe. Macho yaliyozama yanaweza kujaa baada ya siku chache za maji. Mapafu huchukua wiki, na dozi humalizwa hata akianza kuonekana mchangamfu. Taya lililolainika hukakamaa tena kwa wiki nyingi za mwanga na kalsiamu sahihi, lakini mguu uliokwisha kupinda haunyooki. Huyo huishi vizuri akirekebishiwa njia: matawi yaliyolala badala ya kusimama, unene ambao mguu unauzunguka bila vidole kukutana, hakuna pengo la kuruka kati ya tawi na tawi, na nyenje kwenye kikombe kilichofungwa usawa wa kidevu chake ili asilazimike kuupiga ulimi mbali.